Riwaya za kigeni si kupoteza wakati

Wazazi wengi wa hapa kwetu wanasema: riwaya ya kigeni ni kupoteza wakati, mtoto asome hesabu. Tunakataa!

Mwaka 2010, Mario Vargas Llosa wa Peru alitoa kwa Kispanyola riwaya juu ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza. Mwaka 1903 Casement alipanda mto Kongo, akasikiliza wanakijiji walioteswa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold II. Ripoti yake ilitoka 1904. Mwaka 1908 Leopold alilazimishwa kuachia Ubelgiji inchi hii. Riwaya inamufuata Casement hadi Putumayo, Amazonia: mpira uleule, fimbo ileile.

Mtu wa Peru amehangaikia damu ya mababu zetu, na sisi tunaita hiyo kazi bure? Ndiyo, mwandishi wa riwaya anabuni. Lakini anatufanya tusikie uchungu ambao tarehe peke yake haiutoi.

Tafsiri ya Kifaransa ipo tangu 2011. Wakubwa wa masomo, muiweke katika biblioteki za shule, na mulipe watafsiri wailete kwa Kiswahili. Mtoto asiyejua kwamba wengine walipigwa fimbo moja na mababu zake, atadanganywa kwamba wao walistahili.