Mwali anatuzwa, mwanafunzi anazomewa

Ukitaka kumsikia ofisa wa elimu Mtwara akilalamika, mtajie jando na unyago. Atakwambia ngoma ndizo zinazowatoa watoto darasani. Sawa, hoja ina ukweli wake, hasa kwa binti anayechezwa leo na kesho anatafutiwa mume. Hilo silitetei hata kidogo.

Lakini hebu pita Mikindani siku mwali anapotoka. Amevishwa nguo mpya, mashangazi na majirani wanamtuza noti, mtaa mzima unamshangilia. Hakuna anayeuliza alikuwa wa ngapi. Mtoto huyohuyo akifika kidato cha kwanza anakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Jibu la baiolojia analo kichwani. Anasimama, anachapia neno moja, darasa linaangua kicheko na mwalimu naye anacheka. Mkono ule haunyooshwi tena hadi kidato cha nne. Halafu tunasema hana akili!

Shule ya msingi tulipigiwa makofi hata kwa kutaja mikoa. Sekondari makofi yanahamia shavuni. Jamani, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kofi la shavuni halimo.

Na tusiwabebeshe walimu mzigo wote. Mwaka 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma, na Rais Magufuli akawaita vilaza hadharani. Wale waliokuwa wakiandaliwa kwenda kuwatia watoto wetu moyo!

Najua wapo watakaosema sifa zinadekeza. Wanachanganya mambo. Sisemi jibu bovu lipewe vema. Nasema mtoto aambiwe "hapa umepatia, hapa rudia", kisha arudie kwa Kiswahili kama Kiingereza kimegoma, wenzake wakimsikiliza. Darasa lina wanafunzi themanini? Najua pia. Kukataza kicheko hakungoji bajeti ya halmashauri.

Kwa hiyo ofisa wetu akija tena na hoja ya ngoma, naomba aje na daftari la mahudhurio. Tumchague mtoro mmoja tu, atuambie tangu Januari ametajwa kwa jema mara ngapi mbele ya wenzake.