Viatu vya Turubai na Macho ya Watu

Mama mmoja, msomaji wetu, alitujia mwanzoni mwa mwaka wa masomo akatuuliza neno tulilodhani kuwa dogo. Mwanawe wa miaka kumi na minne ameona madukani raba za turubai nyeusi, zenye nyota kifundoni, naye hataki viatu vingine. Baba asema hivyo ni viatu vya wahuni. Kijana mwenye adabu huvaa ngozi iliyopigwa dawa ikang'aa. Kisha mama akaongeza kwa sauti ndogo kwamba bei ya raba hizo yalingana na ada ya masomo ya dada wa kijana huyo kwa miezi mitatu. Siku ile hatukumjibu. Twamjibu leo, kwa maana neno hili limo katika nyumba nyingi.

Baba ana haki ya kuuliza viatu hivi vilitoka wapi. Mpira mbichi hulainika kwa joto na kupasuka kwa baridi. Mwaka wa 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto hubaki imara, nao hunepa bila kukatika. (Tamaa ya mpira huo, hasa kwa magurudumu ya baiskeli na motokaa, ndiyo iliyowatesa wazee wetu wakati wa Leopold II, walipolazimishwa kuukusanya mwituni.) Waingereza wakashona kitambaa juu ya soli ya mpira, wakaviita viatu hivyo plimsoll, jina la alama inayochorwa ubavuni mwa meli. Jina lafaa: maji yakiupita mstari wa mpira unaozunguka kiatu, aliye ndani hulowa.

Raba ya nyota yenyewe ilitolewa mwaka wa 1917 na kampuni ya Converse huko Massachusetts, nayo ikawa kiatu cha wachezaji wa mpira wa kikapu. Mchezaji mmoja, Chuck Taylor, alizunguka mji kwa mji akifundisha mchezo na kuuza viatu, hata katika miaka ya 1930 jina lake likaandikwa penye nyota. Tazameni vema, wasomaji: nyota hiyo imewekwa upande wa ndani wa kifundo, mahali ambapo mpita njia haioni upesi! Kwa upande mwingine, Bata, kampuni iliyoanzia Zlín mwaka wa 1894, ilitengeneza mwaka wa 1936 raba nyepesi kwa ajili ya wanafunzi wa India, wapate kuzivaa wakati wa mazoezi ya viungo. Basi, uhuni uko wapi? Na kama ni majivuno, wale wa Sape wa Brazzaville na Kinshasa wamekwisha kutuonyesha kwamba hata ngozi iliyopigwa dawa hujua kujivuna.

Lakini sisi pia tunalo kosa la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita tulifundisha zamu ya asubuhi katika shule moja ya Lubumbashi. Mwanafunzi mmoja alikuja na raba nyeupe zilizompita mguu, na kila Jumatatu ya majira ya mvua zilikuwa zimelowa, zikiacha alama sakafuni. Siku moja tulimsimamisha mbele ya wenzake tukasema kwamba asiyetunza viatu hatatunza daftari. Wenzake wakacheka. Yeye hakujibu neno.

Juma lile lile tulichelewa kutoka. Saa sita mchana tukamkuta ameketi juu ya jiwe langoni, akifungua kamba za raba kwa haraka. Kaka yake alisimama mbele yake, amevaa sare, miguu mitupu. Kijana akatoa karatasi zilizojazwa mbele ya kiatu, akampa kaka yake raba zote mbili; huyu akazivaa zikiwa bado na joto, akakimbilia zamu ya mchana. Mdogo akaenda nyumbani bila viatu, karatasi zimo mfukoni kwa ajili ya kesho. Kumbe zilikuwa zikilowa kwa sababu kila Jumapili jioni alizifua!

Kesho yake tulisema mbele ya darasa lile lile kwamba tumemkosea mwenzao. Sababu hatukuieleza, ilikuwa mali yake. Aliinamisha kichwa, nasi mpaka leo hatujui kama alitusamehe.

Hatusemi kwamba viatu havisemi kitu. Kisigino kilichokanyagwa chasema kwamba mwenyewe ni mvivu wa kufungua kamba. Kidole cha kulia kikitoboka peke yake, huyo ni mchezaji wa mpira. Na raba za nyota, miguuni pa kijana wa miaka kumi na minne, zasema tu: nataka kufanana na wenzangu. Hilo si uhuni, mzee wetu. Lakini ada ya dada yake si ya kununulia mfanano huo.

Kwa hiyo, mama, nunua raba zisizo na nyota. Kikunje kiatu mikononi, utazame mahali kitambaa kinapoungana na mpira: ukiona gundi yafunguka, rudisha. Acha nafasi ya kidole gumba mbele, kwa maana mguu wa umri huo hukua. Zifuliwe kwa sabuni na burashi, zijazwe karatasi, zikaushwe kivulini. Jua kali hugeuza mpira mweupe kuwa wa manjano. Zikiwa safi, aende nazo hata Misani.

Nasi twamwomba baba ampeleke kijana sokoni yeye mwenyewe, saa za jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa kutembea. Njiani amwambie bei ya raba za nyota, na ada ya dada yake ni kiasi gani. Tunadhani kijana hajaambiwa.