Tumevuka mpaka kwa dhiki, sasa tupewe treni ya matembezi

WATOTO wangu watatu hawajapanda treni hata siku moja. Nasema haya nikiishi Masinya, mwendo wa gari usiozidi saa moja hadi Tororo, mji ambako reli itokayo Kenya hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Jinja na Kampala na mwingine ukipanda kaskazini kupitia Mbale na Soroti hadi Gulu na Pakwach. Treni wanayoijua ni ile ya mizigo, inayopita na makontena na matangi ya mafuta huku watu wamesimama kando wakingoja. Kifungua mimba wangu, mwenye miaka 13, aliniuliza juzi kama binadamu huruhusiwa kupanda.

Swali hilo ndilo lililonifanya nichukue daftari na kalamu ili nipange likizo ndefu ya familia kwa treni, kupitia milimani na kando ya maziwa. Tungekuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto, na Mama ambaye sasa ana miaka 72. Niliandika njia niliyoitamani bila kufikiri sana: Tororo, Malaba, Bungoma, Webuye, Eldoret, Timboroa, Nakuru, Naivasha, Nairobi. Kisha nikapiga simu katika ofisi moja ya reli kuulizia treni ya abiria ya kuvuka mpaka. Kijana aliyepokea alicheka, ingawa kwa adabu. "Mzee, hayo ni mambo ya zamani," akanijibu.

Ni ya zamani kweli. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na ile inayopitia Eldoret na Tororo ikafika Kampala mwaka 1931. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli liligawanywa vipande vipande. Treni ya abiria kati ya Nairobi na Kampala ilifufuliwa baadaye kwa muda, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 ikafa tena. Tangu hapo mzigo umekuwa na njia ya reli ya kuvuka mpaka, lakini mwenye mzigo hana.

Mimi ni mmoja wa waliorudi. Mapema mwaka 1986, wakati majeshi yaliyoshindwa Kampala yalipokuwa yakirudi nyuma kupitia huku mashariki, wazazi wangu walivuka mpaka usiku kwa miguu. Nilikuwa na miaka sita. Tulikwenda hadi Eldoret, Baba akaanza kushona nguo kwenye veranda ya duka la mtu, nami nikaingizwa shule. Baba alifariki mwaka 1992, akazikwa huko huko kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kumleta nyumbani. Kwa watu wa kwetu hilo si jambo dogo. Miaka minne baadaye, Mama alitukusanya, akauza cherehani, tukapanda treni ya kwenda Malaba.

Treni ile ilipita Eldoret usiku. Tulikaa daraja la tatu, tumebanana na magunia na kuku, dada yangu mdogo akilala juu ya mapaja yangu. Alfajiri ilitukuta karibu na Webuye, ambako harufu ya kiwanda cha karatasi, kilichokuwa bado kikifanya kazi, iliingia madirishani kabla hatujauona mji. Kisha Mlima Elgon ukajitokeza upande wa kulia, mpana kama ukuta, na baadaye kidogo Mama akanyoosha kidole kuonyesha jiwe la Tororo kwa mbali. Hakusema neno. Nimesafiri mara nyingi tangu siku hiyo, lakini hiyo ndiyo safari pekee ya utotoni mwangu ambayo hatukuwa tukikimbia mtu wala kupeleka bidhaa.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Sisi watu wa mpakani tunasafiri kuliko mtu yeyote. Ni huku kwetu neno bodaboda lilipozaliwa, kwa vijana waliobeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Tumevuka na mahindi, omena, mitumba na sukari, kwa njia halali na kwa njia za panya. Tumevuka tukiwa wakimbizi, na si upande mmoja tu: Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, walikuwa Wakenya waliokuja huku, wengi wakapokelewa kambi ya Mulanda, Tororo. Mwezi huo huo reli iling'olewa pale Kibera, na Uganda ikakosa mafuta. Lakini kuvuka kwa ajili ya kuona tu, baba na mama na watoto na nyanya yao wakikaa pamoja dirishani, hilo hatujalifanya.

Nilipomweleza mama mmoja anayeuza samaki Busia, alinikatiza. "Mwalimu, likizo ni ya watu wa mshahara. Mimi nikifunga meza wiki moja, wateja wangu wanakuwa wa jirani."

Sikuwa na jibu la haraka, na sidai kwamba ninalo kamili hata sasa. Desemba ndio mwezi wa mavuno kwa mfanyabiashara wa Busia. Kumwambia afunge wakati huo ni kumtania. Januari soko hulegea, lakini watoto walio katika shule za Kenya wamekwisha kurudi darasani, ilhali wa Uganda wako nyumbani hadi karibu Februari. Familia yenye watoto pande zote mbili, na ziko nyingi hapa, hukutana Desemba tu. Serikali zetu zimezungumza mengi kuhusu ushuru wa forodha, lakini kalenda za shule hazijaoanishwa. Hata hivyo, yule yule mama hufunga meza siku nne akienda mazishi, na chama chake humchangia. Sioni kwa nini chama hicho kisiweke mfuko mwingine mdogo, wa safari moja kila baada ya miaka mitatu.

Na njia yenyewe ina mengi ya kuonyesha. Nikiwa darasa la sita, shule ilitupeleka kwa treni kutoka Eldoret hadi Nakuru kuona flamingo. Reli hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, mahali penye baridi inayowafanya watoto wa Busia wadhani wamefika Ulaya. Kisha huvuka ikweta na kuteremka kwa mizunguko mingi ndani ya misitu, hivi kwamba aliyekaa behewa la nyuma humwona dereva akipinda mbele yake. Baada ya Nakuru yako maziwa, Nakuru, Elmenteita na Naivasha, kisha Mlima Longonot na ukuta wa Bonde la Ufa hadi Limuru. Mtalii hupanda ndege kutoka mbali kuja kuona mambo hayo. Sisi tunayapita usiku ndani ya basi, pazia limefungwa, filamu ikipiga kelele.

Kuna wanaosema reli ile ya zamani ni nyembamba mno na ina mwendo wa kobe, hivyo haifai kwa abiria. Naomba watazame Uswisi. Treni yao maarufu ya milimani, Glacier Express, kutoka Zermatt hadi St. Moritz, hutumia saa nane hivi kwa kilomita zisizofika 300, na hupita juu ya reli ya upana wa mita moja, sawasawa kabisa na reli yetu ya Tororo. Watu hulipa fedha nyingi kwa sababu inakwenda polepole, ili wapate kuona. Ubovu wa mataruma na uhaba wa mabehewa ni tatizo la kweli. Wembamba wa reli na mwendo wake haviwezi kuwa kisingizio.

Nakubali kwamba mzigo ndio unaolipa, na abiria mara nyingi hula hasara. Shirika la reli si shirika la hisani. Lakini mabehewa mawili au matatu ya abiria, yakipita mchana kati ya Nakuru na Tororo wakati wa likizo za shule tu, hayawezi kuangusha hazina ya nchi mbili. Pale Busia tuna kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Maofisa hao hao wanaweza kupanda treni na kukagua vitambulisho huku ikiendelea na safari yake. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kusafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua.

Wakati wa kuamua ni huu. Oktoba 2024, Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Aidha, reli ya zamani ya Tororo hadi Gulu, kilomita 375, imewekwa katika mpango wa ukarabati. Katika hotuba zote nilizozisikia kuhusu kazi hizi, nimesikia tani na makontena, gharama ya saruji na bei ya mafuta. Abiria hutajwa mwishoni, kama mtu aliyesahauliwa kualikwa. Wabunge wetu wa pande zote mbili waulize sasa, kabla ya stesheni kumalizika kuchorwa: zitakuwa na mahali pa mtu kukaa na mtoto, choo na maji, au zitakuwa uwanja wa kupakulia tu? Jengo likishasimama, hakuna atakayelivunja kwa ajili ya nyanya wa Masinya.

Kwa mwaka huu, daftari langu lina mpango mwingine, na nauandika hapa kwa faida ya yeyote anayetaka kujaribu. Tutapanda matatu kutoka Busia hadi Eldoret. Huko tutakaa siku tatu, tusafishe kaburi la Baba na kumtafuta jirani mmoja aliyetupa uji mwaka 1986, kama angali hai. Kisha basi la mchana, si la usiku, kupitia Timboroa hadi Nakuru, na baada ya siku mbili tuendelee hadi Nairobi.

Kutoka Nairobi tutapanda Madaraka Express hadi Mombasa, treni inayotembea tangu mwaka 2017. Kwa nauli iliyopandishwa Januari 2024, daraja la kawaida ni Sh1,500 za Kenya kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka mitatu hadi 11. Kwetu, watu wanne wa nauli kamili na watoto wawili wa nusu nauli, ni Sh7,500 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Si fedha kidogo kwa mwalimu. Nimeanza kuweka akiba tangu Machi, na mke wangu ameuza mbuzi mmoja. Safari ni ya mchana kupitia Tsavo, na watoto wangu hawajaiona bahari.

Tukirudi Nairobi tutangoja Ijumaa, tupande treni ya Kisumu, ile ya reli ya zamani iliyorudishwa Desemba 2021. Hii huondoka jioni na kufika asubuhi, yaani Bonde la Ufa lote hupitwa gizani, jambo ambalo nalilalamikia hapa hadharani. Aidha, huduma hiyo imewahi kusimamishwa, kwa hiyo anayetaka kuitumia aulize stesheni kabla ya kufunga mizigo. Lakini kama ratiba haitabadilika, kutapambazuka tukiwa tunashuka kuelekea Muhoroni, milima ya Nandi upande mmoja na mashamba ya miwa pande zote, na ziwa likitungoja mbele. Tutakula samaki Kisumu, tulale, halafu matatu ya Busia.

Mama ameusikiliza mpango wote. Kuhusu Mombasa hakusema kitu. Aliuliza kama treni ya Kisumu bado ina madirisha yanayofunguka, na kama wauzaji bado hupita nje stesheni usiku na chai. Nilimwambia sijui. Akasema basi atabeba chupa yake ya chai, na kwamba kiti cha dirishani ni chake, watoto watamwia radhi.