Tuambiwe kabla ya kulipa



Naomba nafasi nitoe kilio cha wazazi tunaosomesha watoto katika vyuo binafsi hapa Kigali.

Binti yangu yuko mwaka wa pili wa uhasibu. Muhula mzima somo moja halikuwa na mwalimu, na wenzake wameanza kuhama. Juzi usiku alinikuta kwenye cherehani akaniuliza, "Mama, nihame au nivumilie?" Nilikosa la kumjibu, maana chuo anachokitaka hakisemi kitamhesabia masomo mangapi. Tulikipelekea karatasi ya matokeo, masomo 14, kila moja na krediti zake. Karani aliitupia jicho, akaturudishia. "Lipeni usajili kwanza, kamati itaangalia baadaye." Jirani yangu alilipa hivyohivyo mwaka jana, mwanawe akaanzishwa upya mwaka wa kwanza, na pesa haikurudi.

Mimi ni fundi nguo. Mteja akileta kitenge nakipima mbele yake, namwambia kinatosha gauni au hakitoshi, ndipo tunazungumza bei. Chuo kinashindwaje?

Wala tusiambiwe kwamba wanaohama ni watoto wasiotulia. Mwaka 2020 serikali ilifunga vyuo kadhaa, vikiwemo UNIK cha Kibungo na Christian University of Rwanda, na wanafunzi wakajikuta wanabisha hodi kwingine bila kupenda. Kabla ya hapo, Februari 2019, mpaka wa Gatuna ulifungwa, na waliokuwa wakisoma Uganda wakayumba hadi ulipofunguliwa Januari 2022. Wote hao walibeba karatasi kama ya binti yangu.

Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili masomo ya nchi moja yatambulike katika nyingine. Nilifurahi sana. Sasa krediti itavukaje mpaka wa Rusumo ikiwa haiwezi kutoka Nyamirambo ikafika Remera, humu humu Kigali?

Naliomba Baraza la Elimu ya Juu, HEC, liviamuru vyuo vimjibu mwanafunzi kwa maandishi, somo kwa somo, ndani ya siku zinazojulikana, kabla ya kupokea hata faranga moja. Likikataliwa somo, sababu iandikwe.

Muhula unaanza mwezi ujao. Karatasi ya binti yangu iko kwenye droo ya cherehani, na bado hatujaamua.

Mama wa mwanafunzi,
Nyamirambo, Kigali