Fedha Zilipopungua, Nani Alilipwa Kwanza?

Kila mwaka wa fedha unapofungwa tarehe 30 Juni, serikali zetu za kaunti hutuimbia wimbo mmoja: kazi ilikuwa nyingi, fedha zilikuwa haba. Gavana husimama mbele ya bunge la kaunti, kama Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inavyomwagiza, akaeleza hali ya kaunti. Wananchi nao hugawiwa kitabu chenye picha za rangi: utepe unakatwa, mfereji unafunguliwa. Sisi hatukatai kwamba fedha ni haba. Tunakataa kwamba neno hilo moja lifunge mjadala.

Tuanze kwa haki. Kwa mwaka wa 2024/25 kaunti zote 47 zilikuwa zimetengewa mgao wa shilingi bilioni 400.1. Vijana walipojaa barabarani mwezi wa Juni 2024 na Mswada wa Fedha ukaondolewa, mgao huo ulikatwa ukawa bilioni 387.4, ilhali kaunti zilikuwa zimekwisha kupanga matumizi kwa hesabu ya kwanza. Tena Hazina Kuu ina mazoea ya kuchelewesha hata kile kilichobaki. Anayeipima kaunti bila kuyataja hayo anaionea.

Lakini upo uhaba mwingine usiotoka Hazina; huo hutungwa nyumbani. Kaunti ya Nairobi katika mwaka wa 2023/24 iliweka lengo la kukusanya mapato yake ya ndani zaidi ya shilingi bilioni 19. Ilikusanya chini ya bilioni 13. Si mara ya kwanza, wala Nairobi haiko peke yake. Mapato ya kuwaziwa huandikwa ili bajeti ilingane kwenye karatasi na kila wadi ionyeshwe mradi wake. Kisha kandarasi hutolewa, nazo si za kuwaziwa: mkandarasi humwaga kokoto halisi, mwenye duka hupeleka unga halisi, na mwezi wa Juni huambiwa kasha ni tupu.

Ndivyo madeni yalivyolimbikizana. Kufikia tarehe 30 Juni 2024, Msimamizi wa Bajeti alitaja madeni ya kaunti yaliyozidi shilingi bilioni 180. Hapo ndipo tunapopaswa kuipima kaunti. Wakati wa neema kila mtu hulipwa, na ni vigumu kujua moyo wa mtawala uko wapi. Fedha zikipungua lazima achague, na uchaguzi wake huandikwa katika vitabu vya hesabu. Je, posho za vikao zilisimama? Safari za ndani na za nje zilisimama? Au kilichosimama ni dawa za zahanati na malipo ya yule mwenye duka?

Kanuni hazikosekani. Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 zinaweka mishahara ya kaunti isizidi asilimia 35 ya mapato yote, na sheria ya 2012 inataka maendeleo yatengewe angalau asilimia 30. Ziko kaunti zinazovuka mpaka wa kwanza na kutoufikia wa pili mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayelala njaa kwa ajili hiyo isipokuwa wadai.

Msomaji atatuwia radhi tukikaa kidogo juu ya wadai hawa, kwa kuwa twawaona mahakamani. Mfanyabiashara mdogo hukopa benki ili atimize agizo la kaunti. Asipolipwa, benki humletea dalali, na nyumba yake hunadiwa. Yeye naye huishtaki kaunti na kushinda. Hata hivyo, kwa miaka mingi sheria imeikinga mali ya serikali dhidi ya mnada, na baada ya ugatuzi kinga hiyo ikatandazwa hadi kaunti. Hubaki kurudi kortini kuomba amri ya kumshurutisha afisa wa fedha alipe, safari nyingine ya miezi au miaka. Mdaiwa mkubwa ana ngao. Mdaiwa mdogo ana dalali mlangoni.

Kwa nini jambo hili liwahusu waliopigania vyama vingi? Kwa sababu zamani hapakuwa na wa kuulizwa. Nairobi ilikaa bila baraza la kuchaguliwa tangu 1983 hadi uchaguzi wa 1992, ikitawaliwa na tume ya kuteuliwa. Kura iliporudi, diwani wa upinzani aliyeulizwa kuhusu takataka aliweza kumnyoshea Waziri kidole, na mara nyingi alisema kweli, maana makadirio ya baraza yalihitaji kibali cha Waziri. Katiba ya 2010 imekiondoa kidole hicho. Bajeti hupitishwa na bunge la kaunti lenyewe. Fedha hazitoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutakiwa kutoa ripoti ndani ya miezi sita. Hata mabaraza ya zamani, chini ya mfuko wa mgao ulioanzishwa kwa sheria ya 1998, yalitakiwa kuorodhesha madeni yao na mpango wa kuyalipa kabla ya kupokea fedha zote.

Lugha yetu humwita mtetezi wa mahakamani wakili, na msimamizi wa mali ya mwingine katika Injili pia wakili. Waumini wanakumbuka yule aliyeitwa atoe hesabu. Hakuulizwa kama mwaka ulikuwa mgumu. Aliulizwa alivyoitumia mali isiyokuwa yake.

Basi kamati za haki na amani za parokia zikiache kile kitabu cha picha na kuisoma ripoti ya Msimamizi wa Bajeti. Ziandike barua, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kuomba orodha ya malipo ya robo ya mwisho ya mwaka: nani alilipwa, tarehe gani, na ankara yake ilikuwa ya lini. Sheria inampa afisa siku 21 kujibu. Makadirio mapya hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Tuende na orodha ya madeni mkono mmoja na ukurasa wa safari mkono wa pili. Chai na mkate vikitangulia majibu, tutakunywa chai, kisha tutauliza tena.