Umbali si Mwendo

Aghalabu husemwa kwamba kutoka Kisumu hadi Nairobi ni "umbali wa dakika hamsini". Ndege, naam, huweza kuruka na kutua kwa muda huo. Hata hivyo, kauli hiyo ina walakini, na kwa maoni yangu kosa lake si la hesabu bali la lugha.

Kiswahili kimejaliwa maneno ya kuyatenga mambo haya bayana. Umbali, au masafa, ni nafasi iliyopo kati ya mahali pawili. Haibadiliki uende kwa baiskeli au kwa ndege. Mwendo umetokana na kitenzi kwenda, na hauwi bila mwendaji. Wazee waliposema "mwendo wa siku tatu" walipima miguu, mizigo na mito ya kuvukwa, wala si ardhi pekee. Muda nao ni wakati unaotumika.

Tuchukue mfano wa Uriri, katika Kaunti ya Migori. Ukinyosha uzi juu ya ramani, Uriri na Nairobi zimetengana kwa kilomita 260 hivi. Kisumu na Nairobi, kilomita 265 hivi. Kwa uzi huo, mtu wa Uriri hayuko mbali kumshinda wa Kisumu. Lakini mwanafunzi wa Uriri anayetaka kupandia ndege Kisumu hana budi kupita Awendo, Rongo, Kisii na Oyugis, akielekea kaskazini ilhali Nairobi iko mashariki. Saa kadhaa zitamwishia barabarani kabla hajaiona ndege. Akishatua, ataikabili misongamano ya Nairobi. Dakika hamsini ni muda wa ndege, si muda wa safari yake.

Mwaka 1931, kampuni ya Imperial Airways ilipoanzisha safari za London hadi Mwanza kupitia Kisumu, umbali kati ya Uriri na London haukupungua hata shubiri. Kilichopungua ni muda, tena kwa mwenye nauli.

Wapo watakaodai kwamba haya ni madoido ya wanaisimu. La hasha! Mtahini anayeuliza "Ni umbali wa saa ngapi?" humtatiza mtoto makini anayejua kwamba umbali haupimwi kwa saa. Na mpangaji wa maendeleo anayeutegemea uzi wa ramani ataamini kwamba mgonjwa wa Uriri na wa Kisumu wako karibu sawasawa na hospitali kuu za Nairobi, kumbe mmoja ana uwanja wa ndege mjini mwake na mwingine ana barabara tu.

Walimu wenzangu, tuwazoeze wanafunzi kuuliza maswali matatu: Ni kilomita ngapi? Kwa njia ipi? Na ni muda gani tangu kutoka nyumbani hadi kufika uendako? Anayeyatenga matatu haya kwa ulimi atayatenga pia kwa akili, na hatalaghaiwa na tangazo wala ramani.