Nyumba Moja, Kura Mbili: Umri Unabadilisha Nini Katika Siasa Zetu?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake.

Ama baad. 

Tangu uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 kumekuwa na swali linalorudi kila palipo na baraza. Siku ile Dar es Salaam na miji mingine ya bara iliingia katika maandamano, na wengi waliotoka barabarani walikuwa vijana. Mtandao ulizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu waliuawa. Mwaka mmoja kabla, Juni 2024, vijana wa Kenya waliingia mpaka ndani ya Bunge lao kwa ajili ya mswada wa kodi. Wazee wanauliza: vijana hawa wana nini? Vijana nao wanauliza: wazee hawa hawaoni? Swali hilo limeshaingia majumbani mwetu, baba na mwana wanakula sinia moja na hawasemezani.

Jibu jepesi ni kusema, “Ni ujana tu, wakikua watatulia.” Jibu hili nadhani si sahihi, na kuliamini kuna hatari. Mfano wa kulipima nitauchukua mbali na visiwa vyetu kwa makusudi, asije mtu akasema amelengwa yeye.

Nkunga ni kata ya wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya, upande wa Tukuyu: nchi ya mvua nyingi, migomba na chai. Wenyeji wake ni Wanyakyusa, na wengi wao leo ni Wakristo, kwani wamisionari wa Kijerumani walifika Rungwe tangu 1891. Kabla ya hapo na kwa muda baada yake, watu hawa walikuwa na utaratibu ambao wataalamu wa jamii duniani wameuandika sana. Aliyeueleza kwa kirefu ni Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, na kitabu chake juu ya vijiji vya marika kikatoka 1951.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mtoto wa kiume akifika kiasi cha miaka kumi au kumi na moja, aliondoka nyumbani kwa baba yake usiku na kwenda kulala na wenzake wa rika lake, katika kijiji chao wenyewe walichokianzisha pembeni. Chakula walikula kwa mama zao, wakienda kundi kwa kundi, na mashamba walilima ya baba zao. Walipooa, walileta wake zao katika kijiji kile kile. Kisha, mara moja katika kila kizazi, rika hilo lilipofika kiasi cha miaka thelathini na tano, ilifanywa sherehe kubwa ya kukabidhiana. Chifu mzee aliachia utawala kwa wanawe, mipaka ya ardhi ikapangwa upya, wazee wakasogea pembeni, na vijana wakapewa nchi waiendeshe. Mambo ya mizimu na matambiko yaliyofungamana na sherehe hiyo sisi hatuafikiani nayo, hilo liko wazi. Lakini upande wa utawala una somo.

Tazama vizuri. Kijana wa Rungwe hakutulia kwa kuota mvi. Alitulia kwa sababu alikabidhiwa. Jana alikuwa mlinzi wa mashamba ya baba yake na mlalamikaji, leo anaulizwa yeye juu ya mipaka, ugomvi wa majirani na njaa ya watoto wa kijiji. Mtu anayeulizwa huanza kusema kama mtu anayeulizwa.

Utaratibu ule ulivunjika, na kuvunjika kwake pia ni somo. Zilikuja kahawa na chai, mazao yanayokaa shambani miaka mingi, na ardhi ikawa haba, kwa hiyo mzee hakuwa tayari tena kusogea. Vijana nao waliondoka kwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, na wengine mbali zaidi, kwenye migodi ya Kopabelti na Afrika Kusini. Kijana akirudi na fedha yake mwenyewe, hakuwa tena chini ya baba kama zamani, na wala hakuwa amekabidhiwa chochote. Amekuwa mtu mzima kwa mfuko, lakini kwa madaraka bado ni mtoto. Hapo ndipo mivutano ya vizazi hukaa.

Sasa turudi kwetu. Kwa sera ya taifa letu, kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Babu aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1964 na akapewa eka tatu baada ya Mapinduzi, anayaona Mapinduzi kupitia zile eka tatu. Babu mwenzake, ambaye shamba la ukoo wake ndilo lililokatwa hizo eka, anayaona kwa jicho jengine. Wote wawili sasa wana mvi, na mvi hazikuwafanya wawe na rai moja. Mjukuu aliyezaliwa mwaka 2003 hakupewa wala hakunyang'anywa. Yeye anaitazama bei ya kiwanja, ajira ya hoteli ya msimu, na mahari. Huyu hatofautiani na babu yake kwa sababu ya umri peke yake. Wanatofautiana kwa sababu dunia waliyoikuta walipofungua macho si moja. Mwanazuoni Karl Mannheim alilisema jambo hili tangu 1928: watu wa kizazi kimoja hubeba maisha yao yote alama ya yale waliyoyapitia walipokuwa vijana.

Wala si kweli kwamba uzee daima humpeleka mtu upande wa watawala. Historia yetu wenyewe inakataa. Mzee Aboud Jumbe (Allah amrehemu) mwaka 1977 alikuwa miongoni mwa waliounganisha ASP na TANU kuwa CCM. Alipokuwa na miaka 63, Januari 1984, aliondoka madarakani kwa sababu ya kutaka muundo wa serikali tatu. Maalim Seif Sharif Hamad (Allah amrehemu) wakati huo alikuwa ndani ya CCM, na mwaka huo huo akawa Waziri Kiongozi. Mwaka 1988 alifukuzwa chamani, akaja kuwa kiongozi mkuu wa upinzani, kisha mwaka 2009, akiwa na miaka 66, akakaa na Rais Amani Karume na kuufungua mlango wa maridhiano. Mzee Hassan Nassor Moyo (Allah amrehemu), mtu wa Mapinduzi tangu mwanzo, aliongoza Kamati ya Maridhiano, na mwaka 2015 chama chake kikamvua uanachama kwa rai zake za uzeeni. Hata Mwalimu Nyerere, ambaye chini yake nchi iliingia katika chama kimoja mwaka 1965, mwaka 1990 ndiye aliyesema hadharani kuwa mjadala wa vyama vingi usiogopwe.

Hawa hawakwenda upande mmoja. Mmoja alipata madaraka akaona uzito ambao nje hauonekani, mwengine aliyaacha akaona kosa ambalo ndani halionekani. Kilichowabadilisha ni amana waliyoibeba au waliyoitua. Miaka ilikuwa chombo tu.

Je, mtu kubadili rai ni unafiki? Wengi wetu visiwani ni Mashafii, na sisi ndio wa mwisho kusema hivyo. Imam Shafi'i (Rahimahullah) alikuwa na kauli zake za kale alipokuwa Iraq na kauli mpya alipohamia Misri, na hakuna aliyemwita kigeugeu. Sayyidna Umar (Radhiya Allahu anhu) aliihukumu mas-ala moja ya mirathi kwa namna mbili katika nyakati mbili, na akaiacha kila hukumu ibaki katika wakati wake. Anayebadilika kwa hoja amefuata njia ya wanavyuoni. Anayebadilika kwa bahasha, huyo hesabu yake iko kwa Mola wake.

Na katika Suratul Ahqaf, Aya ya 15, Allah anamtaja mtu aliyefika miaka arobaini, na dua yake. Anaomba awezeshwe kushukuru neema aliyopewa yeye na wazazi wake, na anaomba atengenezewe kizazi chake. Arobaini, ndugu zangu, ndio umri ambao mtu anatazama juu na chini kwa pamoja. Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo imeweka miaka arobaini kuwa umri wa chini wa mgombea urais. Lakini aliyefika arobaini hajapewa haki ya kumdharau wa ishirini. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alimpa Usama bin Zayd uamiri wa jeshi akiwa na miaka 18 hivi, na ndani ya jeshi hilo walikuwamo masahaba wakubwa. Abu Bakr (Radhiya Allahu anhu), khalifa aliyepita miaka sitini, alipotaka Umar abaki naye Madina, alimwomba ruhusa kijana yule. Huko ndiko kukabidhi.

Wazazi huuliza: je, mwanangu anapata dhambi akipiga kura kinyume na nitakavyo? Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameifananisha kura na ushahidi. Katika Suratun Nisaa, Aya ya 135, tumeamrishwa kuwa mashahidi kwa ajili ya Allah hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Basi shahidi hatoi ushahidi wa mtu mwengine. Na wewe kijana, isome Suratu Luqman, Aya ya 15: wazazi wakikulazimisha shirki usiwatii, lakini kaa nao duniani kwa wema. Ikiwa kwa shirki wema haukatiki, utakatika kwa bendera ya chama?

Tunakumbuka miaka ile ambayo watu wa visiwa hivi walisusiana harusi na maziko, duka na hata msikiti, kwa ajili ya siasa. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ilipopita kwa zaidi ya asilimia 66, ilikuwa ni wazee na vijana kusema tumechoka. Tusiirejeshe susa ile, safari hii ikiwa ndani ya nyumba moja.

Wazee wenzangu, tusingoje vijana watulie kwa kuzeeka. Tuwakabidhi kitu wakiwa bado na nguvu: nafasi katika kamati ya msikiti, hesabu za wakfu, shamba la ukoo linaloota magugu, kauli katika kikao cha harusi. Tusiwaapize, kwani Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametukataza kuwaombea mabaya watoto wetu. Nanyi vijana, msimwite baba msaliti kabla hamjamuuliza alibeba nini alipokuwa na umri wenu.

Tunamuomba Allah azilaze pema roho za waliotangulia, azisuluhishe nyumba zetu, na ajaalie tofauti zetu ziwe za hoja, zisiwe za chuki. Aamin.

Wallahu a'lam.